Giorgio Morandi

Giorgio Morandi (Bologna, 20 Julai 1890 – Bologna, 18 Juni 1964) alikuwa mchoraji na mchapaji wa picha kutoka nchini Italia. Anajulikana hasa kwa picha zake za vitu tuli, yaani picha za vitu visivyo na uhai vilivyopangwa mezani: chupa, birika, bakuli, makopo, masanduku madogo na vyombo vya maua. Alichora pia mandhari na maua, lakini watu aliwachora mara chache sana.

Kwa zaidi ya miaka 40 alifanya kazi katika nyumba ya familia yake mjini Bologna, akirudia kuchora vyombo vilevile vya kawaida. Aliacha zaidi ya picha 1,300 za rangi za mafuta na takriban picha 130 za kuchapwa kwa bamba la chuma, mbali na michoro ya penseli na ya rangi za maji. Maisha yake hutajwa mara nyingi yanapojadiliwa maswali mawili: msanii hupataje mwelekeo wake, na kazi ya kila siku ina nafasi gani katika kuupata.

Picha za vitu tuli kabla ya Morandi

Barani Ulaya picha za vitu tuli zilishamiri katika karne ya 17, hasa nchini Uholanzi, ambako watu wa mjini walinunua picha za matunda, samaki, maua na vyombo vya fedha kwa ajili ya kuta za nyumba zao. Hata hivyo, vyuo vya sanaa vya wakati huo viliziweka katika daraja la chini. Mwaka 1667 mwandishi Mfaransa André Félibien aliandika juu ya madaraja hayo. Juu kabisa ziliwekwa picha za historia, dini na hadithi za kale, na chini kabisa zile za matunda, maua na vitu visivyo na uhai. Ilidhaniwa kwamba anayechora chungu hahitaji elimu kubwa, kwa kuwa anaiga tu kilicho mbele yake.

Wachoraji kadhaa walionyesha kwamba sivyo. Katika karne ya 18 Jean-Siméon Chardin alichora sufuria, vikombe na mikate kwa uzito uleule ambao wengine waliutumia kuchora wafalme. Katika karne ya 19 Paul Cézanne alichora matufaha na vyombo vya jikoni mara nyingi mno, akichunguza jinsi rangi inavyoweza kujenga umbo. Kwa mchoraji anayejifunza, vitu tuli vina faida nyingine iliyo wazi: havisogei, havichoki, havidai malipo, na mpangilio pamoja na mwanga wake huamuliwa na mchoraji mwenyewe. Ndiyo sababu shule nyingi za sanaa huanza na vitu hivyo. Morandi alianzia hapo kama wengine, lakini hakuondoka.

Familia na masomo

Morandi alikuwa mtoto wa kwanza wa Andrea Morandi na Maria Maccaferri. Mwaka 1906 alifanya kazi kwa muda mfupi katika ofisi ya biashara ya baba yake, lakini mwaka uliofuata alijiunga na Chuo cha Sanaa cha Bologna. Baba alifariki mwaka 1909. Giorgio, akiwa na umri wa miaka 19, alibaki mwanamume pekee nyumbani pamoja na mama yake na wadogo zake watatu wa kike: Anna, Dina na Maria Teresa. Mwaka uliofuata familia ilihamia mtaa wa Via Fondazza, ambao ndio uliokuwa makazi yake hadi kifo chake. Yeye na dada zake hawakuoa wala kuolewa.

Alimaliza masomo mwaka 1913. Katika miaka ya mwisho hakuelewana na walimu wake, kwa sababu alivutiwa na sanaa ambayo chuo hakikuifundisha. Aliwafahamu wachoraji wapya wa Ufaransa, hasa Cézanne, kwa njia ya vitabu na majarida, ambamo picha zao zilichapishwa bila rangi. Mwaka 1910 alisafiri kwenda Firenze kuona kazi za wachoraji wa kale wa Italia kama Giotto, Masaccio na Paolo Uccello. Hivyo alikuwa na walimu wa aina mbili wasiokuwa darasani: Mfaransa aliyefariki karibuni, na Waitalia wa karne ya 14 na 15. Kwa wote alitafuta jambo moja, yaani umbo lililo rahisi na imara.

Kutafuta mwelekeo

Katika miaka iliyofuata Morandi alipita katika harakati mbili kubwa za sanaa ya Italia.

Ya kwanza ilikuwa Futurismo, iliyosifu mashine, mwendo wa kasi na fujo za mji mpya. Mwaka 1914 Morandi alionyesha kazi zake pamoja na vijana wenzake katika hoteli moja mjini Bologna, na baadaye mwaka huohuo katika maonyesho ya Wafuturisti mjini Roma. Hata hivyo, kasi haikuwa mada yake. Mwaka 1915 aliitwa jeshini, akaugua na kurudishwa nyumbani. Baadhi ya kazi zake za miaka hiyo aliziharibu mwenyewe.

Harakati ya pili ilikuwa uchoraji wa kimetafizikia wa Giorgio de Chirico na Carlo Carrà, ambao walipanga vitu vya kawaida kwa namna inayofanana na ndoto. Mnamo 1918 na 1919 Morandi alichora picha za namna hiyo: kichwa cha sanamu ya fundi cherehani, mpira, sanduku na fimbo, vyote vikiwa na kingo kali na vivuli vilivyokatwa wazi. Picha hizo ni chache, na wengi huzihesabu kati ya kazi bora za harakati hiyo. Laiti angetaka kujulikana haraka, angeendelea nazo.

Lakini kuanzia mwaka 1920 aliziacha. Alirudi kwenye meza, chupa na vyombo vya nyumbani, akitumia rangi za udongo na mwanga wa kawaida wa dirishani. Mwaka huohuo aliona picha nyingi za Cézanne katika maonyesho ya kimataifa ya Venezia. Kutoka hapo mada zake hazikubadilika tena kwa miaka 44. Kilichobadilika ni namna ya kuziangalia.

Chumba cha kazi

Chumba chake cha Via Fondazza kilikuwa mahali pa kazi na pa kulala pia. Kulikuwa na kitanda chembamba, stendi ya kuchorea, meza kadhaa, rafu zilizojaa vyombo, na dirisha lililotazama ua wa nyumba. Ili kuingia humo ilibidi kupita katika chumba cha dada zake. Majira ya joto familia ilikwenda Grizzana, kijiji cha milimani kusini mwa Bologna, ambako Morandi alichora mandhari: nyumba bila watu, vichaka, barabara za vumbi na miteremko iliyokaushwa na jua.

Kazi yake ya kila siku inaweza kuelezwa kwa hatua nne.

Kuandaa vyombo. Vyombo vyake havikuwa vya thamani. Vilikuwa chupa tupu, makopo, mataa na bakuli zilizopitwa na wakati. Vingi alivibadilisha kabla ya kuvichora. Aliondoa karatasi za majina, akapaka chupa rangi isiyong'aa au kumimina rangi ndani yake. Vumbi lililotua juu ya vyombo hakulifuta. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuchora chupa: kioo hurudisha taswira ya dirisha, na maandishi huvuta jicho lisome badala ya kutazama. Chupa iliyopakwa rangi hubaki umbo tu, lenye upande wa mwanga na upande wa kivuli.

Kupanga. Hii ndiyo hatua iliyochukua muda mrefu zaidi. Morandi alitandika karatasi juu ya meza, akapanga vyombo, kisha akazungushia penseli kila chombo kilipokaa, ili aweze kukirudisha mahali pake. Karatasi hizo zilizojaa mistari zimehifadhiwa. Katika mahojiano na mwandishi Édouard Roditi alieleza kwamba ilimchukua wiki kadhaa kuamua ni chupa zipi zipatane na kitambaa kipi cha meza, na kwamba hata baada ya hapo alikosea mara nyingi katika nafasi zilizo kati ya chupa. Maelezo haya ni muhimu, kwa maana yanaonyesha kwamba kwake nafasi tupu ilikuwa na uzito sawa na chombo chenyewe.

Kusubiri mwanga. Mwanga ulitoka dirishani, nao hubadilika kwa saa na kwa majira ya mwaka. Mpangilio uleule asubuhi na jioni ni picha mbili tofauti. Urefu wa meza nao ulibadilisha mambo: vyombo vikitazamwa kutoka juu huonekana kama vimesimama uwanjani, bali vikiwa usawa wa macho huonekana kama nyumba zilizopangwa mstarini.

Kuchora. Baada ya maandalizi hayo yote, uchoraji wenyewe mara nyingi ulikwenda haraka. Alitumia rangi ikiwa bado mbichi, kwa mapigo ya brashi yanayoonekana wazi, na mara nyingi alimaliza kwa vipindi vichache. Turubai zake alizitayarisha mwenyewe, na nyingi ni ndogo kiasi cha kubebwa kwapani. Isiyomridhisha aliifuta au kuiharibu.

Picha iliyokamilika haikuwa mwisho wa jambo. Alisogeza chombo kimoja kidogo, au akaondoa kimoja na kuweka kingine, kisha akachora tena. Kwa njia hiyo zilipatikana picha za mfululizo zinazofanana kwa mtazamo wa kwanza. Zikiwekwa pamoja, mtazamaji huona kwamba kusogea kwa chupa kwa upana wa kidole hubadilisha uzito wa picha nzima. Karibu zote zina jina moja, Natura morta, ambalo ni neno la Kiitalia kwa picha ya vitu tuli, pamoja na mwaka.

Uchapaji na ualimu

Morandi alijifunza uchapaji wa picha kwa kiasi kikubwa bila mwalimu, akisoma vitabu vya zamani na kuchunguza kazi za Rembrandt. Katika ufundi huu bamba la chuma hupakwa nta, kisha mchoraji huchora kwa sindano na kuiondoa nta penye mistari. Bamba hutiwa katika asidi, nayo hula chuma pale tu palipofunuliwa. Mwishoni wino hujazwa katika mistari na bamba hugandamizwa juu ya karatasi. Kwa kuwa kuna wino mweusi na karatasi nyeupe tu, rangi ya kijivu haipatikani ila kwa kuweka mistari karibu karibu au mbali mbali. Morandi alijenga picha zake kwa mistari iliyokingamana kama wavu, na wavu ukizidi kubana ndivyo kivuli kinavyozidi kukolea. Sehemu kubwa ya kazi hizi ni ya miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930.

Riziki yake kwa muda mrefu ilitokana na ualimu. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1929 alifundisha kuchora katika shule za msingi za Bologna. Mwaka 1930 alipewa nafasi ya kufundisha uchapaji katika chuo kilekile alichosoma, bila kufanyiwa mtihani wa ushindani, kutokana na sifa za kazi zake. Alibaki hapo hadi mwaka 1956. Mshahara huo ulikuwa na maana kwa sanaa yake, kwani haukumlazimu kuchora kwa kufuata matakwa ya wanunuzi. Hata alipojulikana duniani aliuza picha kwa bei nafuu kwa aliowaamini, na nyingine aliwapa marafiki.

Mabadiliko ndani ya mada moja

Wanaoona picha mbili au tatu za Morandi husema zote ni sawa. Anayezifuata kwa miaka huona njia iliyo wazi.

Katika miaka ya 1920 na 1930 rangi zake ni nzito na za udongo, na vyombo husongamana vikijaza turubai. Baada ya Vita Kuu ya Pili rangi zikawa nyepesi: nyeupe, kijivu, waridi hafifu na manjano. Katika miaka ya 1950 alivikusanya vyombo katikati ya picha kama kifurushi kimoja, vikigusana, hata kingo za sanduku na za chupa zikakutana katika mstari mmoja. Hapo mtazamaji hushindwa kujua kilicho mbele na kilicho nyuma. Katika rangi za maji za miaka ya mwisho, vyombo vinakaribia kutoweka. Mara nyingine kinachochorwa ni kivuli tu, na chupa yenyewe ni karatasi nyeupe iliyoachwa bila kuguswa.

Kwa hiyo aliyeanza kwa kuiga umbo la chupa alimaliza kwa kuuliza ni kiasi gani cha chupa kinachohitajika ili jicho liione. Mwenyewe alieleza kwamba kwake hakuna kitu cha kidhahania kuliko uhalisia wenyewe. Alimaanisha kwamba hakuwa na haja ya kubuni maumbo ya ajabu, kwa sababu kinachoonekana, kikitazamwa vya kutosha, kina maajabu yake.

Hadithi ya mtawa na ukweli wake

Morandi husimuliwa mara nyingi kama mtawa aliyejifungia chumbani asijue ya ulimwengu. Wataalamu wa leo wameirekebisha sura hiyo. Ni kweli kwamba alitoka nje ya Italia mara chache sana, tena uzeeni. Lakini alisoma majarida ya sanaa, aliandikiana barua na wahakiki na watunza makumbusho, na alishiriki maonyesho makubwa.

Tena hakuwa nje ya siasa za wakati wake. Katika miaka ya 1920 na 1930 alihusiana na waandishi na majarida yaliyokuwa karibu na utawala wa Kifashisti, na sifa yake ya mwanzo ilitokana kwa sehemu na watu hao. Kwa upande mwingine, mwaka 1943 alikamatwa na kuwekwa gerezani kwa takriban wiki moja, kwa kuwa alikuwa na marafiki waliopinga utawala huo. Kisha aliishi Grizzana hadi mapigano yalipokaribia mwaka 1944. Kimya cha picha zake hakikutoka katika maisha yasiyo na misukosuko. Kilitengenezwa kwa makusudi, siku baada ya siku, katikati ya misukosuko hiyo.

Tuzo na urithi

Mwaka 1934 mwanahistoria wa sanaa Roberto Longhi, akianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bologna, alimtaja Morandi kuwa miongoni mwa wachoraji bora waliokuwa hai nchini Italia. Mwaka 1948 Morandi alipata tuzo ya uchoraji katika maonyesho ya kimataifa ya Venezia. Katika maonyesho ya São Paulo nchini Brazil alishinda tuzo ya uchapaji mwaka 1953 na tuzo ya uchoraji mwaka 1957. Picha yake inaonekana pia katika filamu La dolce vita (1960) ya Federico Fellini.

Alifariki mwaka 1964 kwa ugonjwa wa mapafu. Kijiji cha Grizzana kilibadilisha jina mwaka 1985 na kuitwa Grizzana Morandi. Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Bologna mwaka 1993, kutokana na zawadi ya dada yake Maria Teresa. Nyumba ya Via Fondazza ilifunguliwa kwa wageni mwaka 2009, na vyombo vyake vya kuchora vinaonekana humo. Kati ya wachoraji waliosema wazi kwamba walijifunza kwake ni Mmarekani Wayne Thiebaud, anayejulikana kwa picha za keki na vyakula vya dukani.

Wanafunzi wa sanaa humtazama Morandi kwa sababu nyingine pia. Hakuanza na mwelekeo uliokamilika akautekeleza. Alijaribu njia za wengine, akaziacha, kisha akarudi kwenye zoezi ambalo kila mwanafunzi hulifanya na kulisahau. Kwa kulirudia kila siku, akibadilisha jambo dogo moja kwa wakati, aliweza kuona lipi linaleta tofauti na lipi halileti. Mwelekeo wake ulijitokeza katika kazi yenyewe, na vyombo vilivyouzalisha vilikuwa vile ambavyo nyumba nyingi huvitupa.